Kongamano Lililonirudisha Maabara

Bango langu la utafiti lilikuwa limepinda. Niligundua baada ya kulibandika, watu wakiwa wameshaanza kuingia ukumbini, na pini nne nilizogawiwa zote nimeshazitumia. Ilikuwa karatasi ya ukubwa wa A0, milimita 841 kwa 1189, niliyoisafirisha usiku kucha ndani ya bomba la plastiki nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Nikasimama kando yake na kitambulisho kikining'inia shingoni, nikiomba kimoyomoyo mambo mawili yasiyopatana: watu waje, na watu wasije.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika kemia. Utafiti wangu ulihusu kupunguza floraidi katika maji ya kunywa kwa kutumia mkaa wa mifupa. Floraidi ikiwa kidogo hulinda meno. Ikizidi huyatia madoa ya kahawia, na mtu akiinywa kwa wingi miaka nenda miaka rudi humharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isivuke miligramu 1.5 kwa lita. Mkaa wa mifupa huinasa kwa sababu sehemu kubwa ya mfupa ni apatiti, madini yenye tabia ya kubadilishana: huachia hidroksili (jozi ya oksijeni na haidrojeni) na kushika floraidi mahali pake. Kazi yangu ilikuwa kutafuta hali inayoufanya mkaa huo unase zaidi.

Na nilikuwa nimeipata, au ndivyo nilivyoamini. Kwenye maji ya kawaida, yenye pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi), mkaa wangu ulinasa asilimia 61 ya floraidi. Nilipoyatia asidi mpaka pH 3, kipimo kikaruka hadi asilimia 86. Nukta hiyo ya mwisho kwenye grafu niliichora kwa wino mwekundu. Tasnifu yangu nzima ilikuwa imeegemea pale.

Kwenda kongamanoni halikuwa wazo langu. Nilidhani kongamano ni mahali pa waliokwisha kumaliza, watu wenye matokeo yaliyopigwa pasi na kukunjwa vizuri, wanaokuja kuonyeshana. Mwanafunzi angekwenda kufanya nini zaidi ya kushika daftari na kuona haya? Msimamizi wangu ndiye aliyenisukuma. Alinipa tangazo, akanionyesha sehemu iliyosema wanafunzi watalipa nusu ya ada, akasema nimwandikie ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, ya maneno 250 kabla ya Ijumaa.

Ikisiri ile ilinitoa jasho. Rasimu ya kwanza ilifika maneno 600, na kila nilipokata sentensi nilihisi nimekata kidole. Msimamizi aliisoma akaniuliza, "Umegundua nini?" Nikaanza kumweleza mbinu. "Sikuulizi ulifanyaje. Umegundua nini?" Nikanyamaza. Akasema kama siwezi kuisema kazi yangu kwa maneno 250, basi bado sijaijua. Nilinuna siku nzima. Lakini siku mbili baadaye, nikiwa na maneno 248 mbele yangu, kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo yale niliweza kumweleza mtu ninachofanya bila kuvuta pumzi katikati. Kwa hiyo nikihesabu faida za kongamano lile, ya kwanza niliipata kabla sijapanda basi.

Siku ya kwanza nisiisimulie kwa urefu. Kulikuwa na hotuba za ufunguzi, kisha hotuba za kushukuru hotuba za ufunguzi. Mada kuu ilitolewa na mtu mashuhuri, nami nilielewa theluthi yake. Baada ya hapo vikao viligawanyika katika vyumba vitatu kwa wakati mmoja, na nikajikuta nikikimbia huku na huku na ratiba mkononi, nikifika kila mahali watu wanapopiga makofi ya mwisho. Jioni niligundua kosa langu: nilitaka kusikia kila kitu. Mwanafunzi mmoja mwenye uzoefu aliniambia yeye huchagua mawasilisho manne tu kwa siku, na moja kati ya hayo lazima liwe nje ya fani yake. Muda unaobaki hukaa kwenye korido. Nilimwona mvivu. Kesho yake nikamwiga, na sijawahi kuacha.

Si kila wasilisho lilikuwa zuri, na ni vyema hilo lisemwe. Yupo aliyesoma slaidi zake neno kwa neno akiwa ametupa mgongo. Yupo aliyetumia dakika kumi na mbili kati ya kumi na tano kueleza historia ya tatizo, kisha mwenyekiti wa kikao akainua karatasi ya "dakika 1", na matokeo yakapita mbele yetu kama gari la wagonjwa. Hata hao walinifundisha. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha msikilizaji unaona waziwazi mahali msemaji anapowapoteza watu. Ukiwa msemaji huoni kitu.

Katika kikao cha hisabati, ule ugeni wangu wa siku nje ya fani, mtoa mada alianza kwa kisa kinachosimuliwa kumhusu Frank Nelson Cole. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati wa Marekani, Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akaizidisha 2 kwa yenyewe mara 67, akatoa 1, akapata namba yenye tarakimu 21. Akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, bado hajasema lolote, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Namba ile, ambayo mtawa Mfaransa Marin Mersenne alikuwa ameidai mwaka 1644 kuwa tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, ilikuwa imevunjwa vipande viwili mbele ya macho yao. Nilimfikiria Cole kila mara mtu alipoonyesha slaidi ya arobaini.

Lakini jambo lililonigeuza siku ile lilidumu labda sekunde kumi na tano. Kwenye kikao cha mchana aliwasilisha profesa mmoja ambaye kitabu chake tulikitumia tangu shahada ya kwanza. Kwangu mimi mtu yule hakuwa mtu, alikuwa jalada. Alipomaliza, mtu wa safu ya kati akamwuliza kwa nini vipimo vyake vya wiki ya sita vilishuka kisha vikapanda tena. Profesa akaitazama grafu yake. Akaitazama kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kujisogeza vitini. Kisha akasogelea kipaza sauti akasema, "Sijui."

Hakuomba radhi wala hakujizungusha. Akaongeza, "Nimejaribu maelezo mawili na yote yamekataa. Humu ndani kuna mwenye la tatu?" Na kijana mmoja wa nyuma, mwanafunzi kama mimi, kitambulisho chenye rangi ileile ya wanafunzi, akanyoosha mkono akasema kitu kuhusu joto la chumba. Profesa akachukua kalamu akaandika.

Ninaweza kukaa na tukio lile siku nzima. Darasani tunafundishwa mambo yaliyokwisha. Kitabu hakisemi ni mara ngapi mwandishi alikosea kabla ya kufika kwenye mlinganyo. Kinakupa mlinganyo umeoshwa na kuvishwa. Matokeo yake mwanafunzi anakua akiamini kwamba kutojua ni ugonjwa wa wanafunzi, na kwamba siku moja utapona, utakabidhiwa joho, na baada ya hapo utajua. Nilikuwa nimebeba imani hiyo miaka mitano bila kuiona. Pale ukumbini nikaona mtu aliyefika juu kabisa amesimama palepale niliposimama mimi kila siku maabara, mbele ya kitu kisichoeleweka, tofauti ikiwa moja tu: yeye hakuona haya.

Sasa nirudi kwenye bango lililopinda.

Kikao cha mabango kilikuwa siku ya pili alasiri, saa mbili nzima za kusimama. Nusu saa ya kwanza watu walipita kama wapitavyo mbele ya duka lisilowahusu: jicho kwenye kichwa cha habari, jicho kwenye kitambulisho, mguu mbele. Wa kwanza kusimama alikuwa mwanafunzi wa sosholojia aliyepotea njia akitafuta bango la mwenzake. Akauliza, "Mifupa ya mnyama gani?"

Nikasema ya ng'ombe, nikataka kuendelea na grafu.

"Na watakaoyanywa maji hayo umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Sikuwa hata nimefikiri kwamba ni swali. Kwangu mfupa ulikuwa apatiti. Yeye akanieleza, bila kejeli, kwamba kuna watu ambao kwa imani yao mnyama fulani hawezi kugusa maji yao, na wengine ambao kusikia tu neno "mfupa" kutatosha kuyamwaga, hata ukiwapa cheti cha maabara. Chujio linaweza kunasa kila kitu na bado likakaa kona likivuta vumbi. Mazungumzo yetu hayakufika dakika tano. Sura nzima ya tasnifu yangu, ile ya matumizi, ilizaliwa pale.

Kisha akaja mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, begi la kongamano begani, kikombe mkononi. Hakulipitia bango juujuu kama wengine. Alilisogelea mpaka pua ikakaribia karatasi, akasoma mbinu. Hakuna mtu mwingine siku ile aliyesoma sehemu ya mbinu. Ndipo akanigeukia.

"Binti, hii nukta yako nyekundu ni nzuri mno."

Nikatabasamu. Nilidhani nimesifiwa.

"Floraidi uliipima kwa nini?"

"Kwa elektrodi, Profesa."

"Mimi si profesa, mwanangu, naendesha maabara ya maji. Bafa uliweka kiasi gani?"

Nikaeleza. Bafa, mchanganyiko unaotiwa kwenye sampuli ili pH yake isiyumbe wakati wa kupima, ilikuwa imetuishia maabara. Sampuli zangu za mwanzo, za pH 7, niliwahi kuzipima kwa bafa na bila bafa, majibu yakawa yaleyale, nikaona haina haja ya kusubiri. Sampuli zote zilizofuata nilizipima moja kwa moja.

"Na za pH 3 pia?"

"Na za pH 3 pia."

Akanywa kilichokuwa kikombeni, akatafuta mahali pa kukiweka, akakosa, akanipa mimi nimshikie. Akageuza ratiba yake akaanza kuchora nyuma yake. Elektrodi ile, kijiti cha kupimia kinachotumbukizwa majini, akasema, haioni floraidi yote. Inaona ile iliyo huru tu, yenye chaji. Ukitia asidi, floraidi inashikana na haidrojeni na kuwa asidi ya haidrofloriki, na ikishashikana hivyo elektrodi inaipita kama kipofu apitavyo mtu aliyenyamaza. "Kwenye pH 3.2 hivi, nusu imejificha. Wewe uko 3. Zaidi ya nusu ya floraidi iliyobaki majini mwako hukuiona. Ukaandika kwamba mkaa umeinasa."

Sikujibu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha mtu kwa mikono miwili.

"Na mkaa wenyewe, baada ya jaribio uliupima uzito?"

"Hapana, mama."

"Upime. Apatiti huyeyuka kwenye asidi. Huenda chujio lako linaondoka na maji."

Alikaa nami dakika ishirini. Hakucheka, wala hakunihurumia, na sasa naona kwamba kutonihurumia ndiko kulikonisaidia. Alizungumza nami kana kwamba sote wawili tulikuwa tumesimama mbele ya bango la mtu mwingine. Alipoondoka aliniachia mchoro ule, anwani yake ya baruapepe, na amri: nikirudia vipimo nimwandikie. Kisha akachukua kikombe chake.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimepewa kitanda katika bweni la wageni pamoja na wanafunzi wengine watatu, nami niliwasubiri walale ili nifanye hesabu kwa mwanga wa simu. Kama elektrodi iliona takriban asilimia 39 tu ya floraidi iliyobaki, na ilisema imebaki 14, basi iliyobaki kweli ni kama 36. Asilimia 86 yangu ilikuwa 64. Kwenye pH 7 nilikuwa na 61. Nukta nyekundu ikashuka ikalala karibu na wenzake, na mlima wangu ukawa tuta.

Nilimpigia msimamizi asubuhi sana nikitetemeka. Nilitegemea anikaripie, maana na yeye alikuwa ameipitisha grafu ile; au labda nilitegemea ajikaripie. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo. Mimi pia sikuliona." Halafu akaniuliza kama namjua mwanahisabati Andrew Wiles. Nilijua jina. Akanikumbusha kwamba Juni 1993, huko Cambridge, Wiles alitoa mihadhara mitatu mfululizo na mwisho wa wa tatu akatangaza kwamba amethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat, swali lililowashinda watu kwa zaidi ya miaka 350. Magazeti yakaandika dunia nzima. Miezi michache baadaye wahakiki wakakuta pengo ndani ya uthibitisho, na ilimchukua mpaka Septemba 1994, akisaidiana na mwanafunzi wake wa zamani Richard Taylor, kuliziba. "Wewe umeumbuka mbele ya mtu mmoja na kikombe," akasema. "Vaa nguo, rudi ukumbini."

Nilirudi, lakini nilikaa nyuma kabisa. Na hapo ndipo niliposikia wasilisho ambalo, kama ningeambiwa nichague moja tu la kubaki nalo, ningechagua hilo. Mwalimu mmoja mstaafu alipewa nafasi ya kuzungumzia historia ya kemia, saa ambayo wengi walikuwa wameshafunga mabegi. Alizungumzia Karlsruhe.

Septemba 1860, wanakemia wapatao 140 walikusanyika katika mji huo wa Ujerumani kwa siku tatu. Fani yao ilikuwa imevurugika. Wengine waliandika maji kuwa HO, wengine H₂O. Uzito wa atomi ya kaboni ulikuwa 6 kwa hawa na 12 kwa wale. Mwanafunzi aliyehama kutoka kwa mwalimu mmoja kwenda kwa mwingine ilibidi ajifunze kemia upya kama lugha ngeni. August Kekulé na wenzake waliitisha mkutano ili mambo yapatanishwe. Wakajadiliana siku tatu, na mwisho hawakuafikiana. Walitawanyika kama walivyokuja.

Ila mlangoni, wakati watu wanaondoka, Mwitaliano mmoja, Angelo Pavesi, alikuwa akigawa kijitabu. Kiliandikwa na rafiki yake Stanislao Cannizzaro miaka miwili kabla, na hakikuwa tangazo la ugunduzi mkubwa. Kilikuwa muhtasari wa somo alilowafundisha wanafunzi wake. Ndani yake alionyesha kwamba wazo la zamani la Avogadro, kwamba gesi zenye ujazo sawa katika joto na shinikizo sawa zina idadi sawa ya molekuli, lililopuuzwa kwa karibu miaka 50, linatosha kuupanga upya uzito wa atomi zote. Mhudhuriaji mmoja, Lothar Meyer, alikitia mfukoni, akakisoma njiani akirudi nyumbani, na baadaye akaeleza kwamba magamba yalimwanguka machoni. Kati ya wahudhuriaji alikuwemo pia Mrusi wa miaka 26, asiye na jina kubwa, aliyekuwa akisoma Heidelberg. Aliitwa Dmitri Mendeleev. Mwaka 1869 alichapisha jedwali la elementi, na bila uzito sahihi wa atomi jedwali lile lisingejipanga.

Mzee yule alimalizia hapo, akakusanya karatasi zake. Nami nikawa nafikiria mlango. Mkutano wenyewe kwa ratiba yake ulishindwa. Kilichoibadilisha kemia kilipita mkononi kwa mkono kati ya watu wenye makoti, wakati vikao vimekwisha. Nikautazama mchoro wa mama yule nyuma ya ratiba yake, nilioukunja mara nne nikautia mfukoni.

Watu wakiniuliza kwa nini nawasihi wanafunzi wenzangu wahudhurie makongamano, wanategemea niseme hamasa. Sitaki kuidharau hamasa. Lakini hamasa ya hotuba huisha kabla basi halijafika stendi. Kilichobaki kwangu ni vitu vidogo: swali moja kuhusu bafa, swali moja kuhusu mnyama, sekunde kumi na tano za mtu mkubwa akisema hajui. Vyote hivi nisingevipata kwa kusoma makala kwenye skrini, kwa sababu makala haisogezi pua kwenye grafu yako. Hata kongamano la mtandaoni, ambalo nimehudhuria kadhaa baadaye na ni msaada mkubwa kwa asiye na nauli, lina shida hiyohiyo: wasilisho linafika vizuri, korido haifiki.

Na korido ina watu. Kwenye foleni ya chai nilikutana na wanafunzi wanne wanaofanya kazi za maji katika vyuo tofauti. Tulianza kwa kulalamika, kama kawaida: vifaa vibovu, wasimamizi wasiojibu, kemikali zinazochelewa miezi. Nilikuwa nimedhani matatizo hayo ni yangu peke yangu, dalili kwamba sifai. Tukaunda kundi la simu ambalo hadi leo halijafa. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kwamba habari mpya, zikiwemo habari za kazi, mara nyingi hutujia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko marafiki wa karibu, kwa sababu rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Mimi sikuhitaji nadharia. Wiki mbili baada ya kongamano mmoja wa wale wanne alinitumia utaratibu wa kujitengenezea bafa mwenyewe: asidi asetiki, chumvi, sodiamu hidroksaidi ya kurekebisha pH mpaka iwe kati ya 5 na 5.5, na kiungo cha kuzinasa metali kama aluminiamu na chuma ambazo nazo huificha floraidi. Miaka miwili nimesubiri bafa ya kununua, kumbe mtu niliyekutana naye kwenye foleni anaitengeneza kila Jumatatu.

Kuna upande mwingine ambao sitaufumbia macho. Gharama ni halisi, na wapo wenzangu walioandika ikisiri nzuri kuliko yangu wakabaki nyumbani kwa kukosa nauli. Waandaaji wengi wana msamaha wa ada au ruzuku ya safari kwa wanafunzi, ila mara nyingi hawalitangazi kwa herufi kubwa. Lazima uulize, na uulize mapema. Kisha kuna makongamano ya uongo. Tangu jina langu litokee kwenye orodha ya washiriki napokea barua zinazoniita Profesa Mashuhuri, zikinialika kutoa mada kuu kwenye mkutano wa kemia, udaktari wa meno na usimamizi wa hoteli kwa pamoja, katika jiji la kitalii, ikisiri ikikubaliwa ndani ya saa 24. Nilipoipata ya kwanza nilimwonyesha mama yangu. Tulifurahi kwa takriban nusu siku.

Maabara nilirudi Jumatatu. Nilianza na mizani, kwa sababu ilikuwa rahisi. Mkaa uliokaa kwenye pH 3 ulikuwa umepungua uzito, kama alivyosema. Kisha nikatengeneza bafa, nikaharibu ya kwanza kwa haraka, nikatengeneza ya pili, nikarudia sampuli zote moja baada ya nyingine, mara tatu kila moja. Ilichukua wiki sita. pH 3: asilimia 63, 65, 64.

Nilichora grafu mpya. Ilikuwa karibu mstari ulionyooka, grafu isiyopendeza kuliko zote nilizowahi kuchora, na sikutumia wino mwekundu. Nikamwandikia mama wa miwani, nikaambatisha vipimo, nikamshukuru kwa aya tatu ndefu. Jibu lake lilikuja siku hiyohiyo usiku: "Vizuri. Sasa acha maji ya maabara. Chukua ya kisima."

Sikuwa nimewahi kutumia maji ya kisima. Miaka miwili yote nilikuwa nikiyeyusha floraidi kwenye maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu kingine ndani yake, maji ambayo hakuna binadamu anayeyanywa. Maji ya kweli yana bikaboneti, yana fosfeti, yana vitu vinavyogombania nafasi ileile kwenye mkaa. Madumu matatu yako chini ya meza yangu sasa. Sampuli za kwanza zimeshuka hadi asilimia 48, na sijui ni kwa sababu ya bikaboneti peke yake au kuna kingine.

Mwisho wa kupokea ikisiri za mwaka huu ni tarehe 30. Nina maneno 231, na kwenye fomu wanauliza kama nataka bango au wasilisho la mdomo. Nimechagua bango. Pini nitakwenda nazo zangu.